Somo, Mfunde Mwali na Kuipumzisha AC



Wiki iliyopita tulipokea ujumbe wa sauti kutoka Igalula. Mtoto wa dada yetu ameolewa huko, huu ni mwaka wake wa pili. Tunauandika kama ulivyokuja, kwa ruhusa yake:

"Shikamooni mamdogo. Huku mvua imenyesha alhamdulillahi, joto limevunjika. Lakini ile AC inanitia aibu. Inachuruza maji ukutani mpaka rangi inabanduka, na nikiiwasha chumba kinanuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndooni. Fundi kaja, kasimama uani, kasema gesi imekwisha, anataka laki na ishirini. Mwenyewe kaenda Nzega kwenye mpunga, simu haipatikani. Ninazo zile pesa zangu za mahari. Nimpe au nisimpe?"

Tukatazamana. Mtoto huyu tumemfunda sisi. Alikaa ndani siku saba, akasingwa, akapakwa hina, akafundishwa na somo wake namna ya kufukiza nguo, kutandika kitanda, kumpokea mume na kumstahi mama mkwe. Na AC yenyewe tuliisindikiza sisi. Ilikuwa zawadi ya baba yake, ilinunuliwa Kariakoo, ikapanda treni ya Reli ya Kati hadi stesheni ya Igalula ndani ya boksi lake, jina la biharusi limeandikwa ubavuni kwa kalamu nene. Katika yote tuliyomwambia kwa siku saba zile, la AC halikuwamo hata moja.

Basi maoni yetu ni haya, na tunajua wapo watakaocheka: kuipumzisha AC msimu wa joto unapokwisha ni jambo la kufundwa mwali, na aingie nalo nyumbani kwake akilijua. Tusimwachie fundi peke yake, tusimsubirishe mume, na tusilikumbuke siku maji yanapotiririka juu ya kitanda.

Kwa wasioijua, Igalula iko Wilaya ya Uyui, kwenye njia ya reli, unaifikia kabla ya Tabora mjini ukitokea Dar. Njia ile si ngeni kwa watu wa visiwani. Kabla ya reli, misafara iliyotoka pwani ilikuwa ikikata nchi ile kwa miguu kuelekea Unyanyembe, na ndoa zilifungwa huko huko: Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa hiyo sisi kuungana na watu wa Unyamwezi kwa ndoa hatukuanzisha jambo jipya.

Lakini hali ya hewa ya huko siyo yetu. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni unahitaji blanketi. Joto lao linakuja mwishoni mwa kiangazi, Septemba na hasa Oktoba, ardhi imekauka na mvua bado. Novemba mvua zikishuka, AC inazimwa. Sisi huku joto letu ni la kaskazi, Desemba mpaka Machi, na tunazima masika yakiingia. Tarehe zimepishana. Kazi ni ile ile, na wao wanatutangulia kwa miezi minne, kwa hiyo chukueni habari hii ya Igalula kama matayarisho ya Machi.

Tuanze na hiyo laki na ishirini, maana hapo ndipo dada wengi wanapoliwa. Gesi ya AC si kama gesi ya kupikia. Mtungi wa jikoni unapungua kwa sababu tunauchoma. Gesi ya AC haichomwi, inazunguka tu ndani ya mabomba ya shaba: inalinyonya joto la chumbani, inakwenda kulitema nje, inarudi, miaka na miaka. Mfumo wake umefungwa. Ikipungua, maana yake kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anateka maji kwa pakacha. Mwakani atarudi tena na bei nyingine.

Ni kweli kwamba gesi ikipungua AC hufanya barafu ndani, kisha barafu inayeyuka na kudondosha maji. Ndiyo maana neno la fundi linaaminika haraka. Lakini chujio likiziba kwa vumbi hutokea vile vile, kwa sababu upepo haupiti, na yale mabomba ya ndani yanapoa kupita kiasi mpaka yanaganda. Na bomba la kutolea maji likiziba, hata barafu haihitajiki, maji yanakosa njia na yanarudi ukutani. Fundi mkweli huanza na hayo mawili yasiyo na gharama. Huyu wa kwetu hata ndani hakuingia, kaitambua maradhi akiwa uani!

Ukiambiwa gesi, dada, uliza mambo mawili. Inavuja wapi? Atafute kwa povu la sabuni kwenye maungio, povu likifura hapo ndipo. La pili, anataka kutia gesi gani? Ubavuni mwa mashine kuna kibandiko kinachotaja gesi yake. AC za zamani ni R22, ambayo dunia inaiondoa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Nyingi zilizokuja baadaye ni R410A au R32, na hizo nazo zimewekewa utaratibu wa kupunguzwa katika makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016, kwa kuwa zinaongeza joto la dunia. Hazichanganywi. Na R32 inaweza kuwaka moto, kwa hiyo fundi anapofungua mabomba chetezo kiwe mbali.

Tumetaja chetezo, tuseme la chetezo. Hili hamtaliona kwenye kijitabu cha AC kwa sababu waliokiandika hawafukizi udi. Mwali anafunga madirisha, anawasha AC, anaweka chetezo chini ya kitanda ili harufu ikae. Harufu inakaa kweli, na pamoja nayo moshi wenye mafuta. AC inauvuta, unaganda kwenye chujio na kwenye vile vibati vyembamba vya ndani, kisha vumbi linakuja kunasa juu yake kama kwenye ulimbo. Baada ya miezi sita unasikia harufu nzito ambayo si udi tena wala si uchafu unaoujua. Fukizeni, sisi ni nani tukataze udi! Ila AC iwe imezimwa, acha moshi utulie, fungua dirisha kidogo, ndipo uiwashe.

Igalula kuna jingine zaidi, vumbi. Ile barabara ya vumbi jekundu, moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua, vyote vinaishia kwenye chujio. Huku kwetu adui ni chumvi. Mashine ya nje iliyotazama bahari, Forodhani au Nungwi, inakula kutu mpaka skrubu hazifunguki, na vibati vinageuka unga ukivigusa. Mwenye nyumba pwani aimwagie ile ya nje maji matamu mara kwa mara, umeme ukiwa umezimwa, maji ya taratibu, si ya kupiga kwa nguvu yakavilaza vibati.

Sasa tuliyomwelekeza binti yetu mchana ule, simu ikiwa kwenye spika juu ya kabati. Kwanza tulimwambia asitoe pesa. Azime AC, kisha azime swichi yake kubwa ukutani, maana remoti haikati umeme. Afungue mfuniko wa mbele, atoe machujio. Alipoyatoa alinyamaza. "Mamdogo, haya yamevaa sweta." Tukamwambia ayafue kwenye beseni kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, asitumie maji ya moto yakajikunja, na asiyaanike juani. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, akayabadilisha mara tatu. Tangu harusi machujio yale hayakuwahi kutolewa. AC inayotumika kila usiku inataka kufuliwa chujio kila wiki mbili, na Oktoba ya Igalula hata kila wiki.

Halafu tukampeleka nje kutazama lile bomba jembamba la maji. Akaona mdomo wake umezibwa kwa udongo, umesilibwa vizuri kama ukuta wa nyumba. Nyigu! Kiangazi kizima wamejenga humo. Alichokoa kwa njiti ya ufagio wa chelewa aliokwenda nao kutoka kwao (huko minazi hakuna, na huo ufagio tulipouweka kwenye vyombo wapo waliotucheka), udongo ukadondoka, na maji meusi yaliyofungiwa yakamrukia kanga. Alipiga kelele mpaka jirani akaja.

Kufikia hapo maradhi ya ukutani yalikuwa yamepata dawa, bila shilingi moja. Lakini kuipumzisha bado. Machujio yalipokauka kivulini akayarudisha, akafungua madirisha, akaiwasha kwa upepo mtupu bila baridi, saa nne nzima, siku ya jua. Hili ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu hakuna analolifanya. AC iliyokuwa inapooza imelowa ndani. Ukiizima hivyo na kuiacha miezi mingi, unyevu ule unaota ukungu, na siku utakayoiwasha tena unaupuliza juu ya nyuso za watoto waliolala. Mwenye pumu ndani ya nyumba anaujua mchezo huo.

Sisi lilitufundisha giza. Wale waliokuwepo Unguja umeme ulipokatika Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya kaskazi tupu, wanakumbuka. AC yetu ilizimika usiku ikiwa inafanya kazi, ikabaki na maji yake tumboni. Umeme uliporudi tulishangilia, tukabonyeza remoti, tukatoka chumbani mbio tumeziba pua.

Baada ya kuikausha, swichi kubwa ikazimwa na itabaki imezimwa. Mvua za mwanzo za Tabora zinakuja na radi, na umeme wa radi ukipita kwenye nyaya unaua ule ubao wa ndani. Betri za remoti zikatolewa zisije zikavuja. Mashine ya ndani ikafunikwa kanga kuukuu ya pamba, inayopumua. Ile ya nje tulimkataza kuivisha nailoni gubigubi. Watu wanadhani wanaihifadhi, kumbe wanafungia unyevu ndani na kuwatengenezea panya nyumba ya wageni. Kibati au ubao juu yake wa kuzuia maembe yasiiangukie unatosha.

Lipo jambo ambalo wanaume wakiandika habari hizi hawaligusi. AC iko chumba cha kulala. Fundi ni mwanamme wa nje. Mume yuko safarini. Dada mwenye kujiheshimu atafanya nini? Tunavyoona wengi wanafanya moja kati ya mawili: ama anavumilia maji na harufu miezi mizima mpaka mwenyewe arudi, ama anamwingiza fundi huku moyo unamdunda, analipa lolote alilotajiwa ili mtu atoke upesi. Haya yote mawili ni hasara, na ya pili inagusa sitara yake. Mwanamke anayejua kufua chujio, kuzibua bomba na kukausha mashine amejipunguzia siku za fundi. Anabaki na siku moja tu kwa mwaka, ya kuosha vibati vya ndani kwa pampu na kupima gesi, na siku moja unaweza kuipanga: mume yupo, au baba mkwe amekaa barazani mlango wazi, nguo za chumbani zimeondolewa, kitanda kimefunikwa. Usingoje Oktoba au Desemba mafundi wanapogombaniwa. Msimu ukiisha wana nafasi na maneno yao ni ya upole zaidi.

Na kwa nini fundi mwenyewe asiwe mwanamke? Pale Kinyasini wapo mama zetu wa vijijini, baadhi yao hawakusoma sana, waliofundishwa kuunganisha na kutengeneza umeme wa jua, na wanaingia majumba ya watu bila mtu kuhitaji kujifunika wala kutoka. Wangapi wangewaita kama wangekuwa wanatengeneza AC? Mabinti wanaotafuta fani, na wazazi wanaoulizana binti asome nini, nendeni mkaulize vyuo vya mafunzo ya amali, na walio bara waulize VETA, kuhusu ufundi wa majokofu na viyoyozi. Kazi hiyo ina soko ndani ya vyumba vya wake, ambamo wanaume wanaingia kwa shida.

Tunajua bibi zetu watasema hayo yote ya nini, sisi tulilala na upepo wa bahari. Wana haki kiasi. Ukitaka kuona namna watu wa zamani walivyoikwepa Oktoba ya Unyamwezi, nenda Kwihara, karibu na Tabora, kwenye ile tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 ambayo sasa ni makumbusho. Kuta za udongo nene, baraza mbele, ndani kivuli. Nyumba ya binti yetu ina bati tupu na dari nyembamba, na AC ilikuwa inapigana na bati kutwa nzima. Kwa hiyo tumemwambia, pesa ile ile aliyotaka kumpa fundi aongezee pazia zito upande wa magharibi na apande mwembe, na joto likirudi aiweke nyuzi 25, aache kuishusha mpaka 16 kama duka la nyama. Na maji yanayotoka kwenye lile bomba ayakinge ndoo, yanafaa kudekia na kumwagilia maua. Ya kunywa siyo.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya mume. Mume anunue, na mume alipe fundi, hatubishani. Lakini anayelala chini ya ile AC mchana na mtoto ni nani? Na uniti za LUKU zikiyeyuka kwa sababu chujio limeziba na mashine inahangaika, ugomvi unakuja kwa nani? Tunasikia kesi hizo. Mume anadhani mke anaiacha imewashwa kutwa, mke anaapa wallahi hakuiwasha, na wote wawili ni wakweli. Chujio lililovaa sweta ndilo lililokula pesa. Hapo hatujataja israfu, na sisi tunaohimizana kutopoteza maji hata wakati wa kutawadha tunalijua neno hilo vizuri.

Masomo mnaotusoma, na tunajua mpo, mwongezeeni mwali mchana mmoja. Mpeleke mbele ya AC yenyewe, afungue, atoe chujio kwa mkono wake, alifue, alirudishe. Mwonyeshe swichi. Mpeleke nje alione bomba. Hina isiwe mbichi tu.

Binti yetu amepiga tena juzi. Fundi mwingine amekuja Jumamosi kutoka Tabora mjini, baba mkwe akakaa mlangoni na kikombe chake cha kahawa tangu mwanzo mpaka mwisho. Gesi imepimwa, imo. Ukuta lakini bado una alama ndefu ya maji kutoka kwenye AC mpaka kichwani pa kitanda. Ametundika kalenda juu yake mpaka mwenyewe arudi kutoka Nzega na kopo la rangi, na anauliza kama kalenda ya mwaka jana itaonekana vibaya.